Nyayo za Mafundi wa Ndege: Kutoka Rufiji hadi Maktau

Jumapili, Unguja

Nimeanzia Chapwani, kile kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe ambacho wengi hukiita Kisiwa cha Makaburi. Ukipanda mashua Forodhani hukai sana, umeshafika. Chini ya miti, pamoja na mabaharia wa Kiingereza wa karne ya 19, wamezikwa watu wa HMS Pegasus, manowari iliyopigwa na kuzamishwa bandarini hapa alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Aliyeizamisha ni SMS Königsberg ya Wajerumani.

Mimi ni fundi wa ndege kwa kazi, na safari hii naifanya kwa ajili ya mafundi. Kwa miaka mingi nimesoma habari za marubani waliopigana Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mara najiuliza: nani aliwasha zile injini? Nani alishona kile kitambaa cha mabawa kilipochanika? Kulikuwa na kikosi kidogo cha RNAS, yaani tawi la anga la Jeshi la Wanamaji la Uingereza, kilichoanzia visiwa vya Rufiji na Mafia, kikaishia kwenye vumbi la Maktau, Taita. Njia yake ndiyo ninayoifuata, kwa mpangilio ule ule kilivyopita.

Chapwani inahusika hivi. Pegasus haikukutwa bandarini kwa uzembe. Ilikuwa imetia nanga kwa sababu mitambo yake ilikuwa inafanyiwa matengenezo, ikashindwa kuondoka. Baada ya ushindi huo, Königsberg nayo ikapata hitilafu kubwa ya injini, na nahodha wake, Max Looff, akaiingiza kwenye delta ya Rufiji ajifiche huku akitafuta namna ya kuitengeneza. Manowari mbili, moja imekufa na nyingine imekwama, zote kwa sababu ya spana na vipuri. Kwa mtu wa kazi yangu hapo ndipo hadithi inapoanza.

Jumatatu, Dar es Salaam hadi Nyamisati

Boti ya asubuhi, kisha daladala hadi Rangi Tatu, kisha gari la Kibiti. Bungu tukaiacha barabara kuu ya kusini, tukashika njia ya kwenda baharini.

Njia hii ya nchi kavu kati ya Rufiji na Dar es Salaam ina habari yake. Vipuri vya Königsberg vilivyoharibika havikuweza kutengenezwa mtoni. Vilifunguliwa, vikapakiwa juu ya magari ya kuburuta, vikavutwa kwa nguvu za watu hadi kwenye karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa namna hiyo hiyo. Wakati huo daraja halikuwepo na lami haikuwepo. Vilikuwa vyuma vya manowari ya zaidi ya tani 3,000, na waliovivuta ni watu wa mwambao huu na wa bara. Vitabu vinasema "wafanyakazi Waafrika", basi. Majina ya maofisa wa Kijerumani yapo hadi leo, pamoja na vyeo na tarehe za kuzaliwa.

Nimelala Nyamisati. Mbu ni wengi. Dagaa wa kukaanga ni wazuri mno.

Jumanne, kuvuka kwenda Mafia

Kuondoka Nyamisati kunategemea maji. Bamvua na maji mafu vinaamua saa ya safari kuliko ratiba yoyote, na hili ni la kukumbuka kwa yatakayofuata, maana vita vya Rufiji navyo vilipangwa kwa kalenda ya maji kujaa. Chombo kinatoka kwenye mikoko polepole, kisha bahari inafunguka na upepo unaanza kukupiga usoni.

Si mbali na Mafia kiko kisiwa cha Nyororo, ambacho ramani za Kiingereza za zamani zinakiandika Niororo. Huko ndiko ilikoanzia huduma ya ndege za kivita katika pwani yetu. Waingereza waliigundua Königsberg mtoni tarehe 30 Oktoba 1914, lakini mikoko ilikuwa imeificha na meli zao kubwa hazikuweza kuingia kwenye maji mafupi. Wakahitaji macho ya angani. Wakampata rubani wa kiraia aliyekuwa Durban, Dennis Cutler, mwenye ndege ya majini aina ya Curtiss, wakampa cheo papo hapo wakamleta.

Mara ya kwanza Cutler alipotea, akashukia kisiwa kingine, ndege ikaumia. Rejeta yake haikustahimili joto la hapa. Injini ya Curtiss ilipozwa kwa maji, na bila rejeta ilikuwa chuma tu. Sasa, uko Nyororo, kisiwa kisicho na duka wala karakana, mwaka 1914. Unafanyaje? Meli ilitumwa Mombasa, na huko ikapatikana rejeta ya gari la Ford. Ikafungwa kwenye ndege. Na ndege ikaruka! Tarehe 22 Novemba Cutler akaiona Königsberg kwa macho yake.

Kila fundi anayesoma hapa ajaribu kupiga picha ile kazi. Mabomba ya gari hayalingani na mabomba ya ndege. Vishikio haviko mahali pake. Uzito umebadilika, na ndege ile ilikuwa dhaifu hata kwa uzito wake wa asili. Aliyekata, akachomelea na kubana mpaka maji yakaacha kuvuja ndiye aliyeleta habari ya kwanza ya hakika kuhusu Königsberg, na jina lake sijalikuta katika masimulizi ya vita hivi.

Tarehe 10 Desemba injini ilizima juu ya delta. Cutler alishuka mtoni akatekwa. Ndege yenyewe Waingereza walifanikiwa kuivuta kutoka mle mtoni chini ya risasi, kwa mashua, kwa sababu hawakuwa na nyingine.

Jumatano, Kilindoni, Mafia

Asubuhi nimekaa na mzee mmoja karibu na bandari, kwenye benchi la kahawa. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu, umekuja kuwaona papa?" Wageni wengi wa Mafia huja kuogelea na papa potwe. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya ndege za Mwingereza, akaweka kikombe chini. "Vita vya Rufiji hivyo. Babu zetu walikuwa wanasikia mizinga kutoka hapa hapa, wakidhani ni radi isiyo na mvua." Kisha akanieleza upande wa upepo wa kila mwezi kwa ufasaha ambao ungemfaa rubani yeyote.

Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915. Februari zikafika ndege mbili za Sopwith zenye maboya, chini ya Luteni John Tulloch Cull, zikapelekwa Nyororo. Hapo ndipo joto la pwani yetu lilipowafundisha mafundi wa Ulaya somo ambalo hawakulipata viwandani. Gundi zikalainika. Propela za wakati huo zilikuwa za mbao, tabaka juu ya tabaka, zimeshikanishwa kwa gundi itokanayo na wanyama. Gundi hiyo inaogopa vitu viwili, joto na unyevu, na Mafia inavyo vyote viwili mchana na usiku. Propela ikianza kuachana tabaka zake huku inazunguka mamia ya mara kwa dakika, hutakuwa na muda wa kuuliza maswali.

Halafu kuna hewa yenyewe. Hewa ya moto ni nyepesi, bawa halipati cha kushika na injini haipati cha kupumua. Ndege ya majini ina adui mwingine pia, maji yaliyotulia. Bahari ikiwa shwari kabisa, maji huganda kwenye maboya yanayang'ang'ania, na rubani hutamani kijiwimbi kidogo cha kumwachanisha. Sopwith zile zilipunguziwa petroli, zikaachiwa mabomu chini, na bado hazikufaa kwa kazi. Leo sisi tuna jedwali la joto na uzito wa kuruka, tunalisoma kabla ya kila safari. Wao walilijua jedwali hilo kwa kujaribu na kushindwa, alfajiri baada ya alfajiri, kwa sababu alfajiri ndiyo saa pekee hewa ilipokuwa nzito kidogo.

Baadaye zikaja Short za mabawa ya kukunjwa. Nazo zilipanda kwa shida mno. Lakini ni katika moja ya hizo ambamo mtu wa chini alipanda juu, na hii ndiyo habari iliyonitoa nyumbani.

Tarehe 25 Aprili 1915 Cull aliruka kwenda Rufiji, na aliyekaa pamoja naye hakuwa ofisa. Alikuwa fundi wa ndege, Ebenezer Henry Alexander Boggis. Walipita juu ya Königsberg kwa kimo cha futi 700 tu. Futi 700! Ukiwa kwenye mkao wa kutua leo, kutoka kimo hicho unaona nyumba moja moja na watu uwanjani. Wajerumani waliwafyatulia kila walichokuwa nacho, injini ikaharibiwa vibaya, na Boggis akaendelea kupiga picha. Picha zile zilionyesha meli ilivyo, mahali ilipo, na jinsi ilivyojificha. Boggis alipewa nishani ya DSM, ile waliyopewa mabaharia na askari wa vyeo vya chini, na ndiyo sababu jina lake limesalia kwenye gazeti la serikali la Uingereza la mwaka 1915. Ukiniuliza, jina hilo moja linapaswa kuwasimamia wenzake wote waliobaki ufukweni na mikono yenye mafuta, wakihesabu dakika.

Nikifikiria nafasi yake pale, nafsi inanisisimka. Fundi aliyefunga ile injini mwenyewe sasa amekaa nyuma yake, anaisikia ikibadilika sauti risasi zinapoigonga, na anajua hasa ni kipande gani kinaachia. Rubani anasikia kelele, fundi anasikia jina la kila kipuri.

Tarehe 18 Juni 1915 zikashushwa Mafia ndege za magurudumu, Henri Farman mbili na Caudron mbili. Kwa hizo maboya hayakuhitajika tena, ulihitajika uwanja. Vichaka vikafyekwa, visiki vikang'olewa, ardhi ikasawazishwa kwa jembe na panga. Mkuu wa kikosi pale alikuwa Robert Gordon. Kikosi kile kilikuwa na kila shida ya kiwanja kichanga: mchanga ndani ya injini, mvua ndani ya mahema, na petroli ya kuchuja tone kwa tone. Nimetembea jioni hadi kiwanja cha ndege cha sasa cha Kilindoni, nikatazama ndege ndogo ikiondoka kuelekea Dar. Kijana aliyevaa fulana ya rangi ya kung'aa aliondoa vizuizi vya magurudumu, akarudi nyuma, akampungia rubani mkono kwamba njia ni nyeupe. Kazi ile ile.

Alhamisi, deltani

Nimevuka kurudi Nyamisati na kukodi mtumbwi wa mashine kuingia kwenye mikono ya mto. Nahodha ni mtu wa makamo, wa hapa hapa. Kabla ya kuondoka alimimina petroli kwenye tangi kupitia kitambaa laini alichokikunja mara mbili, taratibu, akitazama kila kinachobaki juu yake. "Maji kidogo tu yakiingia humu, tutalala na mamba," alisema. Mwaka 1915 mafundi walichuja petroli ya ndege kwa ngozi laini, kwa sababu ngozi ya namna hiyo inapitisha petroli na kuzuia maji. Mkono wa nahodha wangu ulikuwa na subira ile ile.

Mikoko ya Rufiji ni minene kiasi kwamba ukikata kona moja huoni tena ulikotoka. Matope yananuka chumvi na majani yaliyooza, yanameza mguu hadi gotini kabla hujapata kitu kigumu. Königsberg yenyewe haionekani. Mabaki yake yalikatwakatwa kwa ajili ya chuma miaka ya baadaye, na yaliyosalia yamezama kwenye matope haya. Nahodha alizima mashine mahali ambapo wazee wake walimwonyesha, tukaelea tu.

Ili kuimaliza, Waingereza walileta monita mbili kutoka Malta, Severn na Mersey, meli bapa zinazoweza kuingia kwenye maji mafupi. Zilikuwa na mizinga ya inchi 6, lakini waliopiga hawakuweza kuona wanachokipiga, maana mikoko ilisimama katikati. Ndege ndiyo iliyokuwa jicho lao. Mwangalizi angani alitazama kila kombora linapoangukia, akatuma kwa redio ya alama za Morse: limepita, limepungua, kushoto, kulia. Kwa hiyo katika vita ile ndege iliyoharibika ilikuwa sawa na monita mbili zilizopofuka.

Na ndivyo ilivyokuwa tarehe 6 Julai. Mersey ilipigwa, watu wakafa ndani yake, ndege zikapatwa na hitilafu, na bila macho makombora yakawa yanatua mikokoni. Monita zikarudi nyuma. Siku chache zilizofuata, wakati maofisa wakiandika ripoti, mafundi wa Mafia walikuwa na kazi moja tu: kupata ndege zinazoweza kuruka.

Walizipata. Tarehe 11 Julai Cull aliruka na mwangalizi wake, Harwood Arnold, katika Farman. Makombora yakaanza kusogea, yakafika. Ndipo ndege ikapigwa, injini ikafa. Cull akaanza kuiteremsha bila nguvu kuelekea mtoni, na Arnold, badala ya kushika kiti, aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha huku wanaanguka. Alituma pia ombi la mashua. Ndege ilipinduka majini karibu na Mersey, Arnold akatupwa nje, Cull akanaswa chini ya maji kabla ya kujinasua. Waliokolewa wote wawili. Looff alipoona meli imekwisha, aliamuru ilipuliwe.

Sitaki mtu aondoke akidhani mto huu uliwaheshimu Waingereza. Tarehe 6 Januari 1917, ndege nyingine ya majini ilipata hitilafu ya injini humu humu ndani, ikiwa na Edwin Rowland Moon na Richard Bridgeman. Waliichoma isitekwe, wakatangatanga kwenye mikoko na vijito kwa siku kadhaa, wakaunda chelezo kwa mbao za nyumba waliyoikuta, wakasukumwa na maji hadi baharini. Bridgeman alikufa kwa kuchoka na jua. Moon alitekwa. Nilimsimulia nahodha. Akatikisa kichwa: "Wangebaki mahali pamoja wakasubiri maji. Humu hutembei, humu unasubiri."

Tumerudi gizani. Usiku huu huu gari la Dar.

Ijumaa, barabarani

Basi la Mombasa kutwa nzima. Tanga, Horohoro, mihuri miwili kwenye pasipoti, kivuko cha Likoni saa za usiku. Nimelala njiani zaidi ya nilivyoandika.

Jumamosi, Mombasa

Fort Jesus, uani. Mizinga miwili imewekwa mahali pamoja: mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg, muuaji na aliyeuawa. Mzinga wa Königsberg ni wa milimita 105. Ilikuwa 10 melini, na baada ya tarehe 11 Julai Wajerumani waliitoa yote mtoni, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaiundia magurudumu. Kisha ikavutwa vitani kila kona ya nchi, mmoja hadi ukawekwa kwenye meli ya Götzen kule Ziwa Tanganyika, ile tunayoiita Liemba.

Nimeuzunguka mzinga huu nikitazama kazi ya mikono. Chuma kimepakwa rangi tabaka nyingi, ukipitisha kidole unahisi vibonye vya riveti chini yake. Mwambao huu una chumvi hewani isiyolala. Anayepaka rangi hii kila inapochubuka naye yumo katika hesabu ya watu ninaowatafuta.

Hapa Mombasa ndipo ilipopatikana ile rejeta ya Ford, na hapa ndipo kikosi kingine, Skwadroni ya 26 ya jeshi la anga la Uingereza, kilichokuwa na Waafrika Kusini wengi, kiliposhuka melini tarehe 31 Januari 1916 na ndege zake za BE2c zikiwa kwenye masanduku. Kuunganisha ndege iliyotoka kwenye sanduku ni kazi ya kamba na vipimo. Nyaya za mabawa zinavutwa moja moja mpaka bawa likae kwenye pembe yake, na ukikosea upande mmoja ndege itavuta kuelekea huko maisha yake yote.

Jumapili, Voi hadi Maktau

Treni hadi Voi, kisha matatu kupitia Mwatate na Bura. Milima ya Taita upande wa kulia, kijani, na mbele yetu nyika nyekundu.

Septemba 1915 Cull na sehemu ya kikosi, pamoja na Caudron zao, walihamishwa kutoka baharini kuja hapa, na Gordon akapelekwa Mesopotamia na ndege za majini. Fikiria watu waliokwishajua hila zote za chumvi, maboya na unyevu, ghafla wanapewa vumbi. Maktau iko kama mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, na mchana jua ni kali. Hewa imepungua kwa sababu mbili kwa pamoja, kimo na joto.

Caudron zilitumia injini za mzunguko, ambazo silinda zote zinazunguka pamoja na propela. Zililainishwa kwa mafuta ya mbarika, kwa sababu mafuta hayo hayachanganyiki kirahisi na petroli. Yanatoka injini ikizunguka, yanamrukia rubani usoni, yanalowesha kitambaa cha mabawa. Sasa ongeza vumbi jekundu la Taita juu ya mafuta yanayonata. Baada ya kila safari ndege ilirudi imepakwa tope, na fundi alianza upya: osha, fungua vali, kwangua, funga. Mbarika unaota wenyewe kando ya barabara hapa. Nimesimama karibu na kichaka chake nikisubiri gari lingine.

Reli ya kijeshi ilijengwa kutoka Voi kuja huku ili kulisha jeshi, na maji yakaletwa kwa bomba kutoka upande wa Bura. Ndege bila reli ile zisingekaa Maktau hata wiki. Tuta lake bado linaonekana. Karibu na kituo kuna makaburi ya askari wa Kihindi, safi na yaliyotunzwa, majina yamechongwa. Nimeyasoma moja moja. Wabeba mizigo wa hapa hapa sijaona jiwe lao.

Jumatatu, Mbuyuni, Salaita, Taveta

Mbuyuni ni mahali pa upepo. Skwadroni ya 26 ilifanya kituo chake hapa Februari 1916, mahema na mabanda ya turubai kando ya reli, Kilimanjaro ikiwatazama asubuhi na kujificha mchana.

Nilipanda bodaboda hadi chini ya kilima cha Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza na Waafrika Kusini walikishambulia wakashindwa vibaya. Walipiga mizinga kwenye mahandaki yaliyoonekana kileleni, kumbe ya kweli yalikuwa chini, kwenye vichaka vya tako la kilima. Nimesimama hapo chini, na hata kwa miguu, vichaka hivi vinaficha mtu wa hatua kumi. Wanaosema ndege zilikuwa jicho la jeshi waje hapa. Jicho linaona kile ambacho kichaka kimekubali kionekane.

Kijana wa bodaboda alinisikiliza nikisema hivyo, akasema: "Babu yangu mzaa baba alisema walikuwa wanawabebea wazungu madebe. Hakusema ya nini. Alisema tu yalikuwa yananuka na yanavuja mgongoni." Nilimwuliza jina la babu yake na kijiji chake, nikaandika kwenye daftari kwa idhini yake. Sitaliweka hapa, ni mali ya ukoo wake. Lakini sasa limeandikwa mahali.

Taveta, jioni, makaburi ya vita. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba wafu wa vita vile wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao, makadirio ya waliokufa yanakaribia 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa.

Jumanne, Holili na Moshi

Mpaka umepita haraka. Moshi ilianguka tarehe 14 Machi 1916, na kutoka hapa ndege zilifuata jeshi kusini, Kahe, kisha mbali zaidi, hadi Morogoro na Tulo kufikia mwisho wa mwaka. Reli iliachwa nyuma. Malori yakakwama kwenye mvua. Punda na farasi wakafa kwa ndorobo. Petroli ikabaki kwenda kwa kichwa cha mtu.

Nimekaa kituo cha mabasi nikapiga hesabu kwa kalamu. Injini ya nguvu farasi 90 kama ile ya BE2c nimeikisia lita 30 kwa saa. Petroli ya lita 30 ni kilo 22 hivi, na ukiongeza bati la madebe unafika kilo 25, mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja. Saa moja ya rubani angani ilikuwa mzigo wa mtu mmoja, aliyeutembeza siku nyingi kwenye matope, kisha akageuka kufuata mwingine. Ndege moja, safari ya saa tatu, watu watatu. Hiyo ni kabla ya mafuta ya injini, mabomu, vipuri, turubai la hema, na chakula cha fundi aliyekuwa akimsubiri mpagazi afike ili aweze kuanza kazi.